Jua Unachojua Kabla Mtihani Haujakuuliza: Mwongozo Kamili wa Kusoma kwa Kujipima

Malalamiko ni yale yale. Mtahiniwa wa kidato cha nne, mwanafunzi wa chuo, karani anayesomea CPA, mitihani ya uhasibu, jioni akitoka kazini: wote husema walisoma, wakaelewa, wakaingia chumba cha mtihani na kila kitu kikayeyuka. Kisha huuliza wafanyeje ili waongeze saa za kusoma. Saa si tatizo. Baadhi ya wanaolalamika hivi husoma kwa muda mrefu kuliko wenzao wanaopita.

Wanachokosa ni njia ya kujua, wakiwa bado mezani, kama walichosoma kimeingia au kimepita tu. Ukisoma ukurasa mara ya tatu, maneno yake yanazoeleka machoni, na akili inachukua mazoea hayo kuwa ni ujuzi. Ni kama unavyomjua makanga wa matatu yako: ukimwona popote unamtambua, lakini ukiulizwa jina lake huna. Mtihani huuliza jina.

Mwongozo huu ni wa kujipima kila siku, ili kesho ujue usome nini na uache nini. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Mbili za kwanza ndizo ambazo watu huziruka kwa sababu zinauma, na bila hizo zilizobaki hazina kazi.

## Vifaa

- Daftari moja la kurasa 96. Hili litakuwa daftari la makosa. Usilichanganye na muhtasari wa darasani.
- Karatasi za mitihani ya miaka mitatu au minne iliyopita, pamoja na mwongozo wa kusahihisha. Karatasi bila mwongozo haifai kitu, maana utajipa alama kwa huruma.
- Silabasi ya somo, hata kama ni nakala ya fotokopi.
- Kalamu mbili, ya buluu na nyekundu.
- Manila moja iliyokatwa vipande vya ukubwa wa karata, na bahasha nne.
- Saa yoyote isiyo simu.

Kwa wanaofanya KCSE, mtihani wa taifa wa kidato cha nne, kuna kifaa kimoja zaidi ambacho wachache hukitumia: ripoti ambayo baraza la mitihani, KNEC, hutoa baada ya mtihani. Ndani yake utakuta maswali yaliyofanywa vibaya na pale watahiniwa walipoteleza. Uliza katika maktaba ya shule au kwa mwalimu wa somo. Ukisoma makosa ya maelfu ya wenzako utayaona yako mapema.

Usinunue kalamu za rangi za kung'arisha maandishi. Mwaka 2013 mwanasaikolojia John Dunlosky na wenzake walipitia utafiti kuhusu mbinu kumi za kusoma wakazipanga kwa manufaa. Kupaka rangi na kusoma tena na tena ziliwekwa chini. Zilizowekwa juu ni mbili: kujitahini, na kutawanya marudio kwa siku nyingi. Karibu kila kitu kilicho hapa chini kimejengwa juu ya hizo mbili.

## Hatua ya 1: Fanya mtihani kabla ya kusoma, na utabiri kila swali

Chukua karatasi moja ya mtihani uliopita. Usidurusu kwanza. Tufanye mfano na Hesabu, karatasi ya kwanza ya KCSE, ile ya 121/1. Sehemu ya kwanza ina maswali 16 yenye jumla ya alama 50. Karatasi nzima ni alama 100 kwa saa mbili na nusu, yaani dakika moja na nusu kwa kila alama. Kwa hiyo sehemu ya kwanza peke yake jipe dakika 75.

Kabla ya kuandika jibu lolote, pitia maswali yote na uweke herufi moja kando ya kila swali:

- N: najua, nitapata.
- W: wasiwasi, huenda.
- S: sijui.

Sasa fanya. Saa ikifika, weka kalamu ya buluu chini, chukua nyekundu na mwongozo wa kusahihisha. Kisha hamishia matokeo kwenye daftari. Ukurasa wako wa kwanza utafanana na huu:

Swali 3, logarithimu: N, alama 3 kati ya 3.
Swali 7, mabano na milinganyo: N, alama 0 kati ya 4.
Swali 11, riba: W, alama 3 kati ya 3.
Swali 14, vekta: S, alama 0 kati ya 3.

Wengi wakiona ukurasa huu hukimbilia swali la 14, wakafungua sura ya vekta. Hilo linaweza kungoja. Vekta hata wewe mwenyewe unajua huzijui, kwa hiyo siku moja ungezifikia tu. Swali la hatari ni la 7. Uliandika N na ukapata sufuri. Sura hiyo usingeifungua tena hadi siku ya mtihani, kwa sababu moyoni ulikwisha kuimaliza.

Zungushia mduara kila N iliyokosa. Hizo ndizo zinazotangulia katika ratiba yako.

Na swali la 11? Uliogopa bure. W nyingi zinazopata alama zote ni ishara kwamba unatumia muda kurudia vitu ulivyonavyo tayari. Hilo ni hasara pia, ila ya aina tamu.

Onyo: usiandike herufi baada ya kufanya swali. Ukishaona jibu, kila kitu kinaonekana ulikijua tangu awali.

Umefaulu hatua hii ukiwa na ukurasa wenye angalau miduara miwili au mitatu na ukajisikia vibaya kidogo. Asiye na mduara hata mmoja ama yuko tayari kwa mtihani, ama amejisahihisha kwa upole. Mpe rafiki karatasi yako aisahihishe upya ujue uko upande gani.

## Hatua ya 2: Ipe kila alama iliyopotea sababu yake

Alama hupotea kwa njia nne, na kila moja ina tiba yake. Andika herufi kando ya kosa:

K, sikuwa nalijua kabisa. Tiba ni kusoma.
P, nilikuwa nalijua likapotea. Kusoma upya hakusaidii sana hapa. Unahitaji marudio yaliyotawanywa (Hatua ya 6).
M, nimelisoma swali vibaya. Tiba ni kuzoea lugha ya maswali.
H, haraka.

Herufi ya mwisho ndiyo kichaka cha wengi. Kila mtu anapenda kuandika H kwa sababu haitukani akili. Angalia hili: swali linataka ufungue −2(x − 3). Jibu ni −2x + 6. Mwanafunzi anaandika −2x − 6, anapiga kofi paji la uso, anasema ni haraka tu. Sawa, mara ya kwanza. Lakini pekua karatasi zake tatu zilizopita: kila penye alama ya kutoa mbele ya mabano, kosa ni lile lile, hata alipokuwa na muda tele. Hiyo si haraka. Hajui kwamba kutoa kunazidishwa na kila kilichomo ndani ya mabano. Kanuni yangu ni kwamba H ikijirudia mahali pamoja mara tatu, ifute uandike K.

M inahitaji jicho la karibu zaidi. Chukua swali la Biolojia: eleza kwa nini seli nyekundu ya damu hupasuka ikiwekwa ndani ya maji yasiyo na chumvi. Mwanafunzi anaandika: "Kwa sababu ya osmosisi." Anashangaa kunyimwa alama, maana osmosisi anaijua. Anaijua kweli, ila swali halikumtaka aitaje. Limesema eleza. Jibu kamili lina vituo: ndani ya seli kuna chumvi nyingi kuliko nje, maji yanaingia kwa osmosisi kupitia utando wa seli, seli inavimba, na kwa kuwa seli ya mnyama haina ukuta wa kuizuia, inapasuka. Jibu lake lilikuwa kituo kimoja tu cha safari hiyo.

Kwa hiyo kila penye M, nakili kitenzi cha swali: taja, eleza, linganisha, jadili. Kando yake andika kitenzi hicho kilidai nini na wewe ulitoa nini. Baada ya karatasi tatu hivi utagundua una kitenzi kimoja au viwili vinavyokuponza daima. Kwa wengi ni "linganisha": wanaeleza kitu cha kwanza aya nzima, halafu cha pili aya nzima, bila kuvisimamisha bega kwa bega hata mara moja.

Umefaulu ukiweza kusema kwa sentensi moja wapi alama zako zinavuja. "Sijui kemia" haitoshi. "Napoteza alama kwenye moli kwa sababu nasahau kubadilisha sentimita za ujazo kuwa lita" inatosha, na tayari inakuambia ufanye nini kesho.

## Hatua ya 3: Jichunguze juma moja, kisha chagua saa na mahali

Kabla ya kutengeneza ratiba, jiandike kwa siku saba. Kila ukimaliza kusoma, andika mstari mmoja nyuma ya daftari: saa, mahali, ulichosoma, na maswali mangapi uliweza kujibu kitabu kikiwa kimefungwa. Usiandike saa ngapi umekaa. Kukaa hakuna alama.

Ratiba nyingi hufa kwa sababu zimetungwa kwa mtu asiyekuwepo. Zinasema saa mbili usiku hadi saa tano. Lakini Nairobi saa mbili usiku wewe uko Jogoo Road ndani ya matatu isiyosonga, au umefika ukakuta chumba kimoja chenye ndugu watatu, televisheni ya jirani upande huu, spika ya kesha upande ule, na stima imepotea. Juma lako la kujiandika litakuonyesha ukweli: labda saa kumi na moja alfajiri, kabla ploti haijaamka, unajibu maswali nane kati ya kumi, na saa nne usiku unajibu matatu. Basi dakika 60 za alfajiri zinakupa zaidi ya dakika 120 za usiku. Kwa mwingine itakuwa kinyume. Usiige ya mtu.

Kama nyumbani hapasomeki, jiji lina maktaba. Maktaba ya taifa, KNLS, ina tawi Buruburu. McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931, iko Mtaa wa Banda katikati ya jiji, na ina matawi Kaloleni na Makadara. Uliza saa za kufungua kabla ya kutoa nauli.

Simu ikae chumba kingine. Mwenye chumba kimoja aizime, aiweke ndani ya begi, begi likae mlangoni. Ndiyo maana saa isiyo simu iko kwenye orodha ya vifaa.

Na ulale. Kumbukumbu huimarika usingizini. Anayekesha siku tatu kabla ya mtihani anatoa kwa mkono mmoja alichopata kwa mwingine.

## Hatua ya 4: Kipindi cha dakika 50

Hiki ndicho kipimo chako cha kila siku. Kimoja kikamilike ndipo uanze kingine.

Dakika 5 za mwanzo: bila kufungua chochote, andika unachokumbuka kutoka kipindi kilichopita. Hata kama ni mistari mitatu.

Dakika 25: soma sehemu ndogo, kurasa nne au tano. Kabla ya kuanza, geuza vichwa vya habari viwe maswali. "Mfumo wa mmeng'enyo" unakuwa "chakula kinabadilika vipi kila kinapofika?" Jicho linalotafuta jibu halisinzii upesi.

Dakika 15: funga kitabu. Kifunge kweli, si kukigeuza juu chini mezani. Andika yote uliyopata, chora mchoro, andika fomula. Ukikwama, kaa hapo hapo dakika nzima. Kule kuhangaika kutafuta neno ndiko kunakolikaza.

Dakika 5 za mwisho: fungua, chukua kalamu nyekundu, jaza mapengo. Kilichoandikwa kwa nyekundu ndicho ambacho hukuwa nacho. Kesho anzia hapo.

Kwa nini dakika 15 nzima ziende kwenye kuandika ilhali silabasi haijaisha? Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo huko Marekani vifungu vya kusoma. Vingine walivisoma mara mbili. Vingine walivisoma mara moja, kisha wakaandika waliyokumbuka bila kuangalia. Walipopimwa baada ya dakika 5, kusoma mara mbili kulikuwa mbele: asilimia 81 kwa 75. Walipopimwa baada ya juma moja mambo yakapinduka. Kusoma mara mbili, asilimia 42. Kusoma na kujitahini, 56.

Zingatia ile dakika ya 5. Aliyesoma mara mbili alikuwa na haki ya kujisikia vizuri wakati huo. Anafunga kitabu ameridhika, na hakuna mtu wa kumwambia kwamba juma lijalo karibu nusu ya anayoyakumbuka itakuwa imekwenda. Hapo ndipo wanaosoma saa nyingi wanapoteketea.

Onyo: kuchungulia kunaua zoezi zima. Ukiangalia neno moja tu la kuanzia, umejinyima kujua kama ungelipata.

Umefaulu ukiwa na ukurasa mchafu, wa buluu na nyekundu, wenye mishale. Ukurasa ukiwa safi kama wa kuonyesha wageni, ulinakili.

## Hatua ya 5: Mweleze mtu, kwa lugha unayoota nayo

Vitabu vyetu vingi ni vya Kiingereza, mtihani ni wa Kiingereza, na mtu anaweza kukariri ukurasa mzima kwa Kiingereza bila kufahamu kinachoendelea. Ndiyo maana kipimo kikali kuliko vyote, kwa maoni yangu, ni kumweleza mdogo wako au mwenzako kwa Kiswahili, au hata kwa Sheng. Ukiondolewa maneno ya kitabu, kinachobaki ndicho ulichoelewa.

Ukieleza, sikiliza pale ulimi unapoanza kuzunguka: "yaani, ile kitu, si unajua..." Weka alama hapo hapo. Mwambie msikilizaji akuulize "kwa nini?" kila anapotaka, na usimjibu "ndivyo ilivyo." Mtoto wa darasa la saba ni mtahini mzuri sana kwa kazi hii, haoni haya kukuambia hajaelewa.

Kisha rudi kwenye lugha ya mtihani na uandike jibu lile lile kwa maneno ambayo msahihishaji anayatafuta. Usiiruke sehemu hii. Kuna wanaoelewa vizuri wakapoteza alama kwa sababu istilahi hazikutoka.

## Hatua ya 6: Bahasha nne

Kila kosa lenye P, na kila nyekundu inayojirudia, litengenezee kadi ya manila. Mbele swali, nyuma jibu. Swali liwe la kukufanya ufikiri. "Zinki ni nini?" ni kadi dhaifu. Hii ni bora: "Kwa nini mabati yaliyopakwa zinki hayashiki kutu upesi hata yakikwaruzwa?" Nyuma yake: "Zinki hutenda upesi kuliko chuma, kwa hiyo ndiyo inayoliwa kwanza."

Kadi mpya huingia bahasha ya 1. Utaratibu ni huu:

- Bahasha ya 1: kila siku.
- Bahasha ya 2: kila baada ya siku tatu.
- Bahasha ya 3: mara moja kwa juma.
- Bahasha ya 4: kila majuma matatu.

Ukijibu sawa, kadi inapanda bahasha moja. Ukikosa, inarudi ya 1, hata kama ilikuwa ya 4. Usiihurumie.

Mapengo yanarefuka kwa sababu kurudia kitu ambacho bado ni kibichi kichwani hakuongezi mengi. Ngoja kianze kufifia, kisha kitafute. Hapo ndipo marudio yanapolipa. Kadiri mtihani ulivyo mbali, ndivyo mapengo yanavyofaa kuwa marefu.

Bahasha ya 1 inaingia mfukoni. Msongamano wa kutoka mjini hadi Buruburu, Githurai au Kawangware unatosha kadi 20. Sema jibu kimoyomoyo kabla ya kugeuza. Wengi hugeuza upesi, wakaona jibu, wakasema "ndiyo, hilo nilikuwa nalo," kadi ikapanda. Ni udanganyifu ule ule wa kusoma mara mbili, umehamia kwenye manila.

## Hatua ya 7: Changanya maswali

Fupi tu. Ukifanya maswali 20 ya riba mfululizo, kuanzia la tatu hufikiri tena, unafuata mkondo. Mtihani haukuambii swali ni la sura gani. Kuitambua sura ni nusu ya kazi. Kwa hiyo, mada ukishaielewa, fanya maswali yaliyochanganyika: moja la riba, moja la vekta, moja la logarithimu. Utaona unakwenda polepole na kukosa zaidi. Vumilia, ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Anayeanza mada mpya kabisa asichanganye siku ya kwanza. Apate mkono kwanza.

## Hatua ya 8: Hesabu ya Jumapili

Mara moja kwa juma, siku isiyobadilika, fanya karatasi nzima au nusu yake kwa muda halisi. Kabla ya kuanza, andika juu ya ukurasa: natabiri nitapata ngapi. Usifanye utabiri huu mara tu baada ya kusoma. Mwaka 1991 Thomas Nelson na John Dunlosky walionyesha kwamba mtu akijikadiria baadaye kidogo anapatia zaidi kuliko akijikadiria mara tu baada ya kusoma, wakati mambo bado yanaelea juu juu. Soma Jumamosi, tabiri Jumapili.

Weka rekodi kwenye jalada la ndani:

Juma la 1: nilitabiri 62, nikapata 41.
Juma la 2: nilitabiri 55, nikapata 44.
Juma la 3: nilitabiri 50, nikapata 47.
Juma la 4: nilitabiri 54, nikapata 53.

Mzazi akiangalia hapa ataona alama zimepanda 12 tu. Wewe angalia pengo: lilikuwa 21, sasa ni 1. Mwanafunzi wa juma la nne anajua anachojua. Akisema sura fulani ameimaliza, ameimaliza. Kwa anayefanya mitihani ya KASNEB, bodi inayotahini CPA, ambako 50 ndiyo alama ya kupita, tofauti kati ya huyu na yule wa juma la kwanza ni kubwa mno: wa kwanza angelipa ada ya mtihani akiamini amevuka, kumbe bado yuko ng'ambo.

Utabiri ukizidi matokeo kwa alama kumi au zaidi majuma mawili mfululizo, rudi Hatua ya 4 uchunguze kama unachungulia. Ukiwa chini ya matokeo kwa kiasi hicho, unajiogopea bure; punguza marudio ya vile unavyovijua, ingia sura mpya.

Pengo likishakuwa dogo, ratiba ya juma lijalo inajiandika yenyewe: miduara kwanza, kisha K, kisha zilizobaki. Vipindi viwili kwa siku vinatosha wengi wanaofanya kazi. Mwanafunzi wa shule anaweza vitatu au vinne, nje ya masomo ya darasani.

## Ukikwama

Umeruka siku tatu. Usilipe deni la vipindi vyote ulivyokosa. Hutaliweza na utaacha kabisa. Fanya zile dakika 5 za kukumbuka tu, pamoja na bahasha ya 1. Kesho yake rudi kwenye kipindi kizima.

Kundi la kusoma limegeuka kijiwe. Wekeni sharti kwamba kila mmoja aje na swali moja alilokosa na awe tayari kusimama kulifanya ubaoni. Asiye na swali asije. Kundi litapungua, watatu wanatosha.

Kadi zimejaa, bahasha ya 1 haifungiki. Umekuwa ukitengeneza kadi za kila kitu. Acha kuongeza juma zima, na zile ambazo hazijawahi kutokea kwenye karatasi ya mtihani wala silabasi uzitoe.

Majuma matatu yamepita na mduara ule ule haufutiki. Hapo vitabu vimefika mwisho, unahitaji mtu. Mwendee mwalimu na daftari lako, ukurasa wenye kazi yako mwenyewe ukiwa wazi, na umwambie: "Mwalimu, hadi mstari huu wa tatu niko sawa. Wa nne ndio sijui unatoka wapi." Ukifika na "Mwalimu, sielewi kemia," atakurudisha mwanzo wa sura, nawe utaitikia kwa kichwa hadi kengele ilie. Akishakuonyesha, usiondoke. Funga daftari, omba kipande cha karatasi, ufanye swali lile upya mbele yake.